Kisigino Kinachochungulia

Mtu wa kwanza kunieleza habari za mifupa yangu hakuwa daktari. Alikuwa fundi viatu, mzee aliyekaa chini ya mwavuli uliochanika karibu na soko kuu la Jinja, Uganda, nami nilikuwa nimempelekea raba zangu azishone ubavuni. Alizipindua soli juu, akazipanga sambamba pajani mwake, akaguna.

"Binti, wewe unakanyagia nje. Tazama mwenyewe. Upande wa ndani soli bado mpya, upande wa nje imekwisha kabisa. Mguu haujawahi kukuteguka?"

Nikamwambia umeteguka mara tatu, wa kushoto.

"Basi ngoja mara ya nne," akasema, akachukua sindano yake.

Nilikuwa na miaka 22, nimetoka kumaliza chuo, na sikuona kwa nini mtu anayeuza malapa ya tairi, haya tunayoyaita lugabire, anifundishe mwili wangu. Nikalipa, nikaenda zangu. Leo, zaidi ya miaka kumi baadaye na baada ya kusoma kila nilichoweza kukipata kuhusu kifundo cha mguu, nakiri kwamba yule mzee aliusoma mguu wangu vizuri kuliko wote walioupiga picha.

Swali langu tangu utotoni lilikuwa moja tu: kwa nini mimi, na si mdogo wangu?

Sisi ni watoto wa kambi ya jeshi. Baba Mlugbara wa Arua, mama Msebei wa Kapchorwa, na kwa kuwa hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake, nyumba yetu ilisema Kiswahili. Serikali ilipokipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, sisi tulikuwa tumekwisha kukililia, kukigombania na kukiombea dua miaka chungu nzima. Mimi na mdogo wangu tulipishana mwaka mmoja na nusu. Tulivaa viatu vya mitumba kutoka gunia lilelile, tukarukia mitaro ileile, tukacheza kwenye uwanja uleule wa udongo mwekundu wenye mashimo ya panya. Yeye hakuteguka hata mara moja. Mimi nilikuwa mteja wa kudumu wa bendeji.

Jumamosi mama alikuwa akipiga deki sakafu ya saruji, na ikishakauka ilikuwa marufuku kupita na miguu mibichi. Tulipita, bila shaka. Nyayo za mdogo wangu zilikuwa nzima, pana, zimejaa kutoka vidoleni hadi kisiginoni. Zangu zilikuwa vipande viwili: vidole na kiganja cha mbele huku, duara la kisigino kule, na katikati yake kijiuzi chembamba cha maji upande wa nje. Watoto wa jirani walimwita mwenzangu Bata. Mimi nilisifiwa. Mama alisema huu ndio mguu wa kwao mlimani, mguu wa mbio. Stephen Kiprotich aliposhinda dhahabu ya marathoni kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, mama alinitazama miguuni kwa masikitiko, kana kwamba ile medali ningeichukua mimi kama si uvivu.

Hakuna aliyejua kwamba kile kijiuzi cha maji kilikuwa tayari kinajibu swali langu.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye mpira wa pete. Nilicheza pembeni, nafasi ya WA, na kwa asiyeujua mchezo huu nieleze jambo moja: ukidaka mpira hewani huruhusiwi kukimbia nao. Unatua, unasimama papo hapo, na mguu uliotangulia kutua ukishainuliwa hauruhusiwi kugusa chini tena kabla mpira haujakutoka mkononi. Mpira wa miguu unakuruhusu kupunguza mwendo kidogo kidogo. Huu unakutaka ufunge breki kwa kifundo kimoja. Nilidaka, nikashuka vidole vikitangulia, nikakanyaga ncha ya kiatu cha mpinzani. Mguu ukalala. Nilisikia sauti ndogo kavu, kama ya kuvunja kijiti cha kuwashia moto, na kabla sijafika chini nilijua mchezo umekwisha.

Jioni bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa akikaa nasi, alichemsha maji ya chumvi akaukanda ule mguu kwa kitambaa cha moto, kisha akausugua kwa samli hadi majirani wakatoka kuuliza nani anachinjwa. Sasa najua kwamba joto na kusugua siku ya kwanza huongeza uvimbe. Kinachosaidia ni kitu cha baridi, bendeji ya kubana kiasi, na mguu kuwekwa juu ya mto. Lakini barafu tungeipata wapi? Na nikiri jambo lingine: hakuna mtu mwingine aliyewahi kukaa na mguu wangu mapajani kwa saa nzima.

Mara ya pili nilikuwa nikishuka kwenye bodaboda usiku, nikatanguliza vidole kwenye ukingo wa mtaro. Mara ya tatu ndiyo iliyonivunja moyo, kwa sababu haikuwa na kisingizio. Nilikuwa natembea tu kwenye taksi paki, mchana kweupe, nimebeba mfuko wa nyanya. Hakuna shimo, hakuna jiwe. Mguu ukaamua wenyewe.

Kila mara nilipelekwa kupigwa eksirei, na kila mara jibu lilikuwa lilelile kwa sauti ya mtu anayetaka mgonjwa anayefuata: mfupa haujavunjika, umeteguka tu, nenda nyumbani. Neno "tu" lile nimelichukia hadi leo. Halafu mtu wa malipo aliniita dirishani. Sehemu moja, ambayo sitaitaja, waliniandikia picha nne za mguu ambao niliingia nao natembea mwenyewe. Baadaye nilijua kwamba tangu mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walikwisha kutoa kanuni rahisi ya kuamua nani anahitaji picha: bonyeza ukingo wa nyuma wa kila nundu ya kifundo, sentimita 6 za mwisho hadi ncha, bonyeza mfupa unaotokeza ubavuni katikati ya wayo na ule wa juu ya tao lake upande wa ndani, mwambie mtu atembee hatua nne. Kama hakuna maumivu mfupani na hatua nne zinawezekana, hata kwa kuchechemea, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Haigharimu kitu. Labda ndiyo sababu wengine hawaipendi.

Aliyenifungua macho alikuwa mama mmoja wa makamo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, niliyepelekwa kwake Kampala na rafiki baada ya mteguko wa nne. Ndiyo, wa nne ulikuja, kama fundi alivyosema. Hakuanza na mguu uliovimba. Aliniambia nivue viatu vyote viwili, nisimame nikimtazama, kisha akachuchumaa mbele yangu akachukua muda mrefu kutazama sakafu.

"Mwanangu, kisigino chako kinachungulia."

Alinielekeza kwenye kioo. Ukimtazama mtu wa kawaida kwa mbele, kisigino kimejificha nyuma ya kifundo. Changu kilikuwa kimetokeza upande wa ndani, miguu yote miwili, kama mtoto anayechungulia wageni nyuma ya pazia. Maana yake mfupa wa kisigino umelalia ndani, na uzito wa mwili unashukia ukingo wa nje wa wayo. Tao lililoinuka, lile lililoacha kijiuzi cha maji sakafuni, kisigino kilichoinama, soli zilizokwisha upande wa nje: ni habari ileile moja. Nikamkumbuka mzee wa mwavuli.

Hebu kaa chini nawe uvue kiatu. Shika kifundo chako, kidole gumba kwenye nundu ya ndani na kidole cha kati kwenye nundu ya nje. Utaona vidole havilingani. Nundu ya nje iko chini zaidi, karibu sentimita moja kwa watu wazima wengi, na imerudi nyuma kidogo. Ya ndani ni ncha ya mfupa mkubwa wa muundi, tibia. Ya nje ni ncha ya mfupa mwembamba wa pembeni, fibula. Mifupa hiyo miwili ikishikana inafanya tundu kama lile analochonga seremala kwenye mguu wa kitanda, na ulimi unaoingia tunduni ni mfupa wa tatu, talasi, uliokaa juu ya kisigino.

Lakini seremala angefukuzwa kazi kwa tundu hili, maana kuta zake mbili hazilingani. Unyayo ukitaka kugeuka utazame nje, unagonga ukuta mrefu wa fibula. Ukitaka kugeuka utazame mguu mwenzake, ukuta wa ndani ni mfupi na nafasi ipo. Ndiyo maana takriban miteguko 85 kati ya kila 100 ya kifundo ni ya namna moja: unyayo unageukia ndani, na kano za upande wa nje, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, zinavutika au kukatika.

Talasi yenyewe ni mfupa wa ajabu. Hakuna msuli hata mmoja unaoishika. Misuli yote inayotoka mguuni kwenda vidoleni inaipita tu, kama basi la moja kwa moja linavyopita Namawojjolo, kwenye barabara ya Kampala hadi Jinja, na wauza kuku wakabaki wameinua vijiti vyao. Zaidi ya nusu ya uso wake imefunikwa gegedu, utelezi mtupu. Inachotegemea ni kano zinazoifunga kwa jirani zake na umbo la jirani hao. Kwa hiyo umbo likiwa na kasoro ndogo, talasi haina msuli wa kuikamata moja kwa moja.

Na kuna jambo jingine, ambalo kwangu ndilo kiini cha yote. Ukiitazama talasi kutoka juu, si mstatili. Ni kabari: mbele pana, nyuma nyembamba, kwa tofauti ya milimita chache tu. Ukichuchumaa na kuukunja wayo kuelekea muundi, ile sehemu pana inaingia katikati ya nundu mbili na kiungo kinabana. Ukielekeza vidole chini, sehemu pana inatoka mbele, ile nyembamba inakaa tunduni, na tundu linabaki limelegea. Sasa fikiria ni lini tunaelekeza vidole chini. Tukitua kutoka kuruka. Tukishuka ngazi. Tukishuka bodaboda. Tukivaa viatu vya mchuchumio harusini. Yaani mfupa unalegea hasa pale ambapo ardhi inakuja.

Mfupa ukilegea, kazi inabaki kwa kano. Upande wa nje ziko tatu, na inayovutika zaidi vidole vikielekea chini ni ile ya mbele, inayounganisha fibula na talasi. Kwa bahati mbaya ndiyo dhaifu kuliko zote. Katika vipimo vya maabara vilivyochapishwa Marekani mwaka 1985, kano hiyo ilikatika kwa nguvu ya wastani wa newtoni 139 hivi, sawa na kuning'iniza kilo 14. Hiyo si hata jerikani la lita 20 lililojaa. Kano pana ya upande wa ndani ilivumilia zaidi ya newtoni 700, majerikani matatu na nusu. Maabara nyingine zilipata namba kubwa zaidi kwa kano ya mbele, lakini bado ilishika mkia.

Mpaka hapo nimeeleza mguu wa kila mtu. Sote tuna ukuta mfupi wa ndani, kabari, na kano nyonge ya mbele. Kinachotofautiana ni vipimo, na hapo ndipo mimi na Bata tulipoachana njia tumboni mwa mama.

Watafiti wamekuwa wakilisaka jambo hili kwa muda. Mwaka 2000 madaktari wa Marekani waliandika kwamba kwa wagonjwa wao wenye vifundo visivyotulia, fibula ilikuwa imekaa nyuma zaidi kuliko kawaida, kama mlango uliofungwa bawaba mahali pasipo pake. Mwaka 2007 kundi la Uswisi lilipima picha za eksirei likakuta kwamba watu wenye tatizo sugu la kifundo walikuwa na talasi yenye mviringo mpana zaidi, na sehemu ya talasi iliyofunikwa na tibia ilikuwa ndogo zaidi. Mimi nilielewa nilipofikiria kofia: kichwa kikubwa, kofia ndogo, upepo kidogo tu umeshaikimbiza. Mwaka 2002 Wakanada walitumia picha za CT, yaani eksirei za kompyuta, wakakuta kisigino kilichoinamia ndani kinaonekana zaidi kwa watu wenye vifundo vilegevu. Nikasoma hiyo nikatazama miguu yangu.

Ushahidi ulionishawishi zaidi, hata hivyo, haukutoka kwenye vipimo bali chumba cha upasuaji. Mswidi Lennart Broström alionyesha miaka ya 1960 jinsi ya kushona upya kano za nje zilizolegea, na njia yake, kwa marekebisho, bado inatumika. Lakini madaktari wa mifupa wanajua kwamba ukimshonea kano mtu mwenye kisigino kilichoinama sana na ukaacha kisigino kama kilivyo, kano mpya huenda ikalegea kama ya zamani. Kwa watu kama hao hukata mfupa wa kisigino na kuusogeza nje kabla ya kugusa kano. Mtu hakati mfupa kwa ajili ya nadharia.

Ila sitaki msomaji aondoke na imani kwamba mifupa ni hukumu. Mimi niliishi na imani hiyo miaka miwili, na ilikuwa tamu, maana ilinipa mtu wa kumlaumu: babu zangu wa Mlima Elgon. Tafiti nyingi za aina hii huwachukua watu ambao tayari wana tatizo na kuwalinganisha na wasio nalo. Ni kuku na yai. Je, fibula ilikaa vibaya ndipo mguu ukateguka, au mguu ulioteguka mara kumi ndio ulioisogeza fibula? Kuna waliopima fibula kwa njia nyingine wakaikuta imesogea mbele, si nyuma. Idadi ya waliopimwa mara nyingi ni ndogo. Na kuna watu wenye visigino vinavyochungulia ambao wamezeeka bila kujua bendeji ni nini.

Nilipomwambia yule mama habari ya babu zangu, alinikatiza.

"Mara ya kwanza laumu mfupa, sawa. Mara ya pili mpaka ya nne, tulaumu sisi wa hospitali. Nani alikufundisha kusimama?"

Alimaanisha kusimama kwa maana halisi. Ndani ya kano kuna neva zinazouambia ubongo wayo uko wapi bila macho kutazama. Kano ikichanika, habari hizo zinavurugika, na hazirudi zenyewe kwa sababu uvimbe umeshuka. Misuli ya pembeni ya muundi, ambayo kazi yake ni kuuvuta unyayo utazame nje, inachelewa kujibu. Na hata kwa mtu mzima wa afya mguu unapinduka upesi mno, msuli unaoshtuka baada ya kutua huwa umeshachelewa. Unatakiwa uwe umekaza kabla hujafika chini. Ndiyo maana katika mambo yote yanayotabiri nani atateguka, la uzito mkubwa si umbo la talasi wala tao la wayo, bali kama aliwahi kuteguka. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba hadi watu 40 kati ya 100 wanaoteguka hubaki na kifundo kisichotulia. Mguu wangu pale taksi paki haukuamua wenyewe. Haukuambiwa uko wapi.

Sasa nitatoka nje ya njia kidogo, nikupeleke msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda.

Shemeji yangu anafanya kazi Fort Portal, na mwaka juzi alituchukua familia nzima kutazama sokwe, tukaanzia Kanyanchu asubuhi na mapema. Wengine walipiga picha nyuso. Mimi nilitazama vifundo, hadi mwongozaji akaniuliza kama nimepoteza kitu. Dume moja lilipanda mti mnene, na kila lilipokanyaga shina, wayo ulikunjika hadi juu yake ukakaribia kugusa muundi, na unyayo ukageukia ndani kuukumbatia mti. Nilihisi maumivu mimi niliyekuwa chini.

Kumbe kuna aliyetazama kitu hicho kabla yangu kwa makini zaidi. Jeremy DeSilva, Mmarekani, aliwarekodi sokwe wa Ngogo, humohumo Kibale, na mwaka 2009 akachapisha kwamba wanapopanda, kifundo chao hukunjika hadi nyuzi 45 hivi, kiasi ambacho mtu wa kawaida hawezi kukifikia akiwa salama. Tibia ya sokwe pale inapokutana na talasi ni pana zaidi upande wa mbele. Yetu inakaribia mraba. Akalinganisha na mifupa ya kale ya watangulizi wetu, akasema vifundo vile havikuwa vya kupandia miti kwa namna ya sokwe. Tulichagua kutembea, mfupa ukafuata.

Hapo ningeridhika, kama si watu wa nchi hiihii. Mwaka 2013 watafiti wengine, Vivek Venkataraman na wenzake, walichapisha walichokiona kwa Watwa wa kusini magharibi mwa Uganda, wawindaji wa asili ambao Bwindi na Mgahinga zilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1991 waliondolewa kwenye misitu yao. Wanaume wa Kitwa waliopanda miti kutafuta asali walikunja vifundo kupita nyuzi 45, wakipanda kama wanatembea. Mifupa yao ni ya binadamu kama mimi na wewe. Watafiti walipowapima kwa altrasaundi na kuwalinganisha na majirani zao Wakiga, ambao ni wakulima, tofauti waliyoikuta ilikuwa kwenye nyama: nyuzi za msuli wa shavu la mguu zilikuwa ndefu zaidi kwa Watwa.

Najua kukunja wayo juu si sawa na kuupindua ndani, na Mtwa anayepanda mti hatanitibu mteguko. Lakini nilikuwa nimezoea kudhani mfupa ndio unaotoa ruhusa na mwili uliobaki unatii. Kumbe mtu aliyefanya jambo tangu utotoni anaweza kuusukuma mpaka ambao mifupa peke yake ingeutaja kuwa mwisho.

Basi nikaanza kusimama. Mguu mmoja, wa kushoto, kila nikipiga mswaki. Wiki ya kwanza nilishika ukuta. Wiki ya tatu nikafumba macho, na mara moja nikamwaga dawa ya meno kwenye kanga ya mama. Nilikata tyubu ya baiskeli, nikaifunga kwenye mguu wa meza, nikawa nauvuta wayo kuelekea nje mara 15, kupumzika, mara 15 tena, jioni hadi jioni, huku nikitazama taarifa ya habari. Nilijifunza kutua upya kama mtoto: magoti yamelegea, unyayo umekaa tambarare, msuli umekaza kabla ardhi haijafika. Yalikuwa mazoezi ya kuchosha kwa namna ya kipekee, maana hayaumi na hayaonekani. Inatosha kusema nilikaribia kuacha mara nyingi.

Halafu nikarudi kwa mzee. Mwavuli ulikuwa mpya, wa kampuni ya simu, lakini yeye alikuwa yuleyule. Nilimwonyesha karatasi ambayo yule mama wa Kampala alichora: kipande cha mpira cha milimita 5, chini ya kisigino, upande wa nje, kikipungua kuelekea ndani. Aliitazama karatasi, akanitazama, akacheka hadi akakohoa.

"Si nilikuambia unakanyagia nje!"

Alichonga vipande hivyo kutoka tairi la lori, akavibandika kwenye jozi tatu. Alikataa kulipwa kwa jozi ya kwanza, akasema hiyo ni ada ya kunisubiri. Simshauri msomaji abandike mpira kwenye kiatu bila kuonekana na mtu anayejua, maana kwa mwenye mguu kama wa mdogo wangu kabari hiyohiyo ingefanya kinyume. Kwangu imefanya kazi. Kisigino bado kinachungulia, lakini miaka mitano sasa sijateguka, ingawa sirukii tena mpira wa juu.

Na Bata? Mwaka huu, kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, ya binamu yetu huko Bugembe, Bata alivaa mchuchumio mwembamba kama kalamu. Alikuwa akishuka kutoka hemani na sinia la matunda, vidole vikielekea chini kama viatu vilivyomlazimisha, kisigino kikazama kwenye nyasi laini. Wayo ukageukia ndani. Mananasi yakaenda njia yake.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, gomesi, lile gauni la sherehe, imepandishwa, shangazi mmoja tayari anaulizia samli. Nikapiga magoti, nikauweka mguu wake pajani mwangu. Nilibonyeza ukingo wa nyuma wa nundu ya nje, polepole kutoka juu hadi ncha, kisha ya ndani, kisha ule mfupa wa ubavuni. Alikunja uso nilipogusa mbele ya nundu, kwenye nyama, na si kwenye mfupa.

"Dada, kimevunjika?"

"Simama."

"Nitaanguka."

"Nishike bega. Hatua nne tu."

Akasimama, pekupeku kwenye nyasi, akanishika bega, akaanza kuhesabu kwa sauti.